Mchanga na Meno ya Mama Vanessa

Krr. Krr. Krrr.

Sauti ilitoka gizani, ndani ya nyumba. Ilikuwa sauti ndogo, kama kitu kinachotafuna kitu kigumu. Vanessa, mtoto wa miaka saba, aliinua kichwa kwenye mkeka.

"Papa," alinong'ona. "Panya iko inakula bunga."

Baba yake, Fabien, alikuwa macho tayari. Kwa wiki mbili alikuwa akimtafuta panya huyo. Alikuwa amehamisha mfuko wa unga wa muhogo mara mbili. Alikuwa ametega mtego wa waya. Panya hakuonekana, na mfuko haukuwa na tundu hata moja.

Safari hii Fabien aliwasha kitadowa, taa yao ndogo ya bati. Aliifuata sauti polepole. Haikutoka kwenye mfuko. Haikutoka juu kwenye nyasi za paa. Ilitoka kitandani, kwa mke wake Georgette. Georgette alikuwa amelala usingizi mzito. Taya zake zilikuwa zimebanwa kwa nguvu, na meno yake yalikuwa yanasagana.

Krr. Krrr.

Fabien alizima taa.

"Papa, umeiua?"

"Lala, mutoto wangu. Hakuna panya."

Familia hii iliishi Baraka, kando ya ziwa. Ulikuwa mwaka wa 2003. Vita vilikuwa vimepungua, lakini havijaisha. Fabien alishona nyavu za wavuvi. Georgette alilima muhogo na kuuza unga sokoni. Miaka mitano kabla ya hapo walikuwa wamekimbilia porini na sufuria moja, jembe moja na Vanessa mgongoni. Sasa walikuwa na nyumba tena.

Georgette alikuwa na miaka ishirini na tisa. Miguu yake ilikuwa na nguvu. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Lakini kinywa chake kilikuwa kama cha bibi kizee. Meno ya mbele yalikuwa yamekwisha, yamekuwa mafupi na ya rangi ya udongo. Moja lilikuwa limevunjika pembeni. Nyuma, upande wa kulia, hapakuwa na meno ya kutafunia. Upande wa kushoto vilibaki vipande viwili vilivyooza, na shavu lilivimba mara kwa mara.

Kwa hiyo Georgette hakutafuna. Aliloweka ugali kwenye mchuzi, akaumeza. Alikunywa maziwa. Mavazi yake yalianza kuwa makubwa. Na kila alipocheka, alifunika kinywa kwa mkono.

Asubuhi akina mama walikutana ziwani kuosha vyombo. Walichota mchanga kwa mkono, wakasugua sufuria mpaka zikang'aa. Georgette alipomaliza sufuria zake, alichagua mchanga laini zaidi. Aliuweka kwenye kidole. Akasugua meno yake, kwa nguvu, mpaka yakalia.

Jirani yake Marie alimtazama akacheka.

"Mama Vanessa! Unasugua meno kama sufuria ya harusi!"

"Yanakuwaka machafu. Lazima nisugue."

"Apana. Njo minyoo, ni minyoo tu. Muntu anayesaga meno usiku iko na minyoo. Hata bwana yako anajua."

Georgette aligeuka. "Fabien amekwambia we?"

"Alimwambia bwana yangu. Na bwana yangu, unamujua, hana mufuko wa siri."

"Nimekunywa dawa ya minyoo mara tatu," Georgette alisema. "Minyoo yangu imekufa yote. Nafikiri hata ya kwako imekufa."

Akina mama walicheka. Georgette naye alicheka, mkono ukiwa mbele ya kinywa.

Siku chache baadaye alimtuma Vanessa kuosha sahani. Mtoto alikawia. Georgette alishuka kumtafuta. Alimkuta amechuchumaa majini, kidole kikiwa mdomoni. Mate yake yalikuwa mekundu.

"Vanessa! Unafanya nini?"

"Nasugua meno."

Meno ya mbele ya Vanessa yalikuwa mapya. Yalikuwa yameota mwaka huo, meupe na makubwa. Ufizi ulikuwa umechubuka na mchanga.

"Juu ya nini unasugua vile? Meno yako ni mazuri."

"Nataka yakuwe kama ya kwako, mama. Mafupi." Vanessa alicheka kidogo. Kisha akafunika kinywa kwa mkono, vilevile kama mama yake.

Georgette aliinama. Alichota maji, akamsukutulia mtoto kinywa mpaka mchanga wote ukatoka. Usiku ule alimwambia Fabien, "Siku ya soko nitakwenda kwa Guy. Ayatoe yote. Mutoto asione tena hii kinywa."

"Yote?"

"Yote. Nimechoka, Fabien."

Guy aling'oa meno sokoni. Zamani alifanya kazi hiyo Lulimba, kwa wachimba dhahabu. Alikuwa na kiti kifupi, koleo na kitambaa kimoja. Aliisugua koleo kwa kitambaa hicho baada ya kila mtu. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichojua.

Jumamosi ile watu watatu walikuwa wanasubiri. Georgette alikaa kwenye gogo pamoja nao. Karibu yake alikaa muuza maziwa, mama mmoja mrefu aliyeitwa Mukarurangwa. Alitoka Bibokoboko, huko juu kwa wafugaji. Miaka ile watu wa ziwa na watu wa milimani waliogopana. Kwa kawaida Mukarurangwa aliuza haraka, akapanda kurudi kwao kabla ya jioni. Georgette alinunua maziwa yake kila wiki. Hawakuwa wamewahi kusema zaidi ya bei.

Leo Mukarurangwa alimtazama shavu.

"Mama, unangojea ule muntu wa koleo?"

"Njo," Georgette alikubali.

"Jino gani?"

"Yote."

Mukarurangwa aliweka kibuyu chake chini. "Sogea hapa." Alifungua kinywa wazi katikati ya soko, akaonyesha kwa kidole. "Hili lilitoboka, limezibwa. Na hili pia. Na haya ya nyuma, angalia..."

Aliingiza vidole mdomoni. Akatoa kitu kidogo cha rangi ya ufizi, chenye meno matatu, akakiweka kiganjani.

Mtoto wa muuza sabuni alipiga kelele na kukimbia. Guy aligeuka kwenye kiti chake.

"Mama wa maziwa! Rudisha meno mudomoni, unanifukuzia bantu!"

Georgette hakuweza kuacha kutazama kile kitu. "Nani alikutengenezea?"

"Eugène. Muganga wa meno, kule Fizi."

"Eugène? Ule ni muntu wa kwetu, Mubembe."

"Najua. Na mi ni muntu wa juu. Hakuniuliza vile. Aliniuliza tu wapi panauma." Mukarurangwa alirudisha meno yake. "Mama, meno ambayo bado yameshika, usiyatupe. Aangalie kwanza. Ile ya kutoa atatoa. Ile ya kutengeneza atatengeneza."

"Mwingine!" Guy aliita. Ilikuwa zamu ya Georgette. "Mama, karibu. Jino likishakuwa mukononi mwangu, halitakuuma tena."

Georgette alisimama mbele ya kiti. Aliona kitambaa. Kilikuwa na damu ya watu watatu.

"Nitarudi," alisema.

"Bote banasemaka vile," Guy alijibu, akamwita mwingine.

Jumatatu alfajiri Fabien alimpakia Vanessa nyuma ya baiskeli, akaisukuma kuelekea Fizi. Georgette alitembea nyuma yao. Walipita vizuizi viwili vya askari. Kwenye cha pili askari kijana aliuliza wanakwenda wapi.

"Kwa muganga wa meno," Fabien alisema.

Askari alishika shavu lake. "Mumwambie na mi nitakuja," alisema, akainua mti wa kizuizi.

Eugène alifanya kazi katika chumba kimoja cha kituo cha afya. Miwani yake ilifungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa na kiti cha mbao chenye pa kuegemeza kichwa, na mashine ya kuchimba meno, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Vyombo vyake vilikuwa vinachemka kwenye sufuria ya mvuke. Baada ya kila mgonjwa alivichemsha tena, na alinawa mikono.

"Keti, mama. Fungua."

Alitazama kwa kioo kidogo. Aligusa jino moja, akaandika. Aligusa la pili, akaandika. Alibonyeza ufizi. Alimwambia afunge na kufungua. Ilichukua muda.

"Muganga," Georgette alisema alipopata nafasi, "mi nataka ya mbele tu. Yakuwe marefu, yang'ae. Mutoto wangu asijifunze kwangu."

"Ngoja kidogo. Mi siangaliaka jino moja. Naangalia kinywa muzima. Unasafisha na nini?"

"Na mchanga wa ziwa. Kila asubuhi," Georgette alijibu kwa fahari. "Hata porini sikuacha. Siku moja sijakosa."

Eugène hakucheka. "Uko na sufuria ya zamani? Ile unasuguaka na mchanga?"

"Iko. Tulikimbia nayo."

"Iko namna gani leo?"

Georgette alifikiri. "Imekuwa nyepesi. Mwaka jana ilitoboka chini."

"Moto uliitoboa?"

"Apana. Ni..." Alimtazama Fabien, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. "Ni mchanga."

"Ni mchanga," Eugène alisema. "Juu ya jino kuna ngozi ngumu, nyeupe. Mungu anaiweka mara moja tu. Ikikwanguliwa hairudi. Ndani yake kuna rangi ya udongo. Ile rangi unayoona, mama, si uchafu. Ni ndani ya jino. Ukizidi kusugua inazidi kuonekana."

"Nilikuwa nasugua zaidi kila siku," Georgette alisema polepole.

"Ulitaka usafi. Hiyo ni nzuri. Ni chombo tu hakikufaa. Na muhogo, unauanika wapi?"

"Kwa mchanga, kando ya ziwa. Bamama bote banaanika pale."

"Basi mchanga munaula pia, ndani ya bugali. Kila tonge linasugua."

Fabien alikohoa. "Muganga, kuna jambo lingine. Usiku anasaga meno. Tulifikiri ni panya."

Vanessa alicheka kwa sauti. Hata Georgette alicheka.

"Hayo si minyoo?" aliuliza. "Majirani banasema ni minyoo."

"Minyoo ni ugonjwa, na dawa yake muinywe. Lakini hailazimishi muntu kusaga meno. Usiku unaota nini?"

Georgette alimtazama Vanessa. "Pori," alisema. "Askari banapita karibu. Mi nabana meno nisikohoe. Mukono wangu uko juu ya kinywa cha Vanessa. Alikuwa na miaka miwili."

"Miaka mitano imepita na taya bado zinabana," Eugène alisema. "Bengi banakuja hapa namna hiyo. Usione haya. Kuna kitu cha kuvaa usiku, kitalinda meno. Na ukiwa na muntu wa kuongea naye juu ya pori, ongea."

Kisha alieleza kazi yote. Kwanza angesafisha ukoga mgumu uliofanya ufizi utoke damu. Vile vipande viwili vya kushoto vilikuwa vimekufa, angevitoa kwa sindano ya ganzi. Meno manne yalikuwa na matundu, angeyaziba. Halafu angechukua umbo la kinywa chake ili fundi wa Uvira atengeneze meno ya nyuma ya kuvaa na kutoa, pamoja na kifuniko cha usiku.

"Na ya mbele?" Georgette aliuliza.

"Ya mbele ni ya mwisho."

Macho ya Georgette yalijaa machozi. "Lakini ya mbele njo nilikuja kutafuta!"

"Najua. Naweza kuyatengeneza leo. Ungerudi Baraka unacheka. Lakini nyuma huna meno ya kutafunia, kwa hiyo unatafuna na ya mbele. Yanabeba kazi yote. Yale mapya yangevunjika kabla ya mwezi kwisha. Tuweke ya nyuma yabebe mzigo, halafu ya mbele yatakaa."

Georgette alimtazama Fabien. Fabien alitikisa kichwa kukubali.

"Basi anza," Georgette alisema.

Siku ile Eugène alisafisha, akatoa vile vipande viwili. Georgette alisikia kusukumwa, hakusikia maumivu. Kisha Eugène alitazama kinywa cha Vanessa.

"Meno mazuri. Ufizi utapona. Haya ni meno yako ya pili, mutoto. Ya tatu hakuna. Usisugue na mchanga tena, umesikia?"

"Nisugue na nini?"

Aliwapa miswaki miwili na dawa ya meno. Akawaonyesha pia jinsi ya kutafuna ncha ya kijiti laini mpaka iwe kama brashi, kwa siku ambazo dawa imekwisha. "Polepole, jino kwa jino, asubuhi na kabla ya kulala. Si nguvu inayosafisha."

Safari ya pili Eugène aliziba yale matundu manne. Alichanganya unga mweupe na matone ya maji ya dawa, akajaza matundu, na baada ya muda mfupi ulikuwa mgumu kama jiwe. Kisha alimpa Georgette aume kitu laini kama ugali wa rangi ya waridi. Umbo la kinywa chake lilibaki humo. Lilipelekwa Uvira.

Wiki ile ile risasi zikasikika tena barabarani. Njia ya Fizi ilifungwa. Wiki moja ikapita. Wiki tatu. Hakukuwa na habari kutoka Uvira.

Ziwani Marie alimchungulia mdomoni. "We, Mama Vanessa! Walisema watakuongezea meno, kumbe wamekupunguzia!"

Akina mama walicheka sana. Georgette alichukua sufuria zake akaondoka kabla hajamaliza kuosha. Nyumbani alilia nyuma ya jiko, kwa kitambo. Alipomaliza kulia, alinawa uso na kutwanga muhogo.

Jumamosi Guy alimwona akipita na Vanessa.

"Mama wa kurudi! Kiti iko hapa, kinakungojea!"

Georgette alisimama. Alijiuliza kama yale meno ya Uvira yatakuja kweli. Labda yameibiwa. Labda Eugène mwenyewe amekimbia. Angekaa pale, kila kitu kingekwisha leo.

Vanessa alimvuta mkono. "Mama, muganga alisema ya mbele ni ya mwisho. Bado mwisho."

Georgette aligusa shavu lake. Halikuwa limevimba. Alihesabu moyoni: wiki tano hakuwa ameumwa, wala hakuwa ameamka na homa. Kwa miaka miwili hakuwa amepata wiki tano kama hizo.

"Kiti chako kipumzike, Guy," alisema, wakaendelea na safari.

Katika kungoja huko hawakukaa bure. Fabien alipata shitingi ya zamani, lile turubai la wakimbizi, akaishona matundu yake kwa uzi wa nyavu. Georgette aliitandika juu ya majani na kuanika muhogo wake hapo. Unga wake ukawa hauna mchanga. Wanunuzi walionja, wakatambua. Fabien naye aliacha kukata uzi wa nailoni kwa meno. Alifunga kisu kidogo kwenye kamba, akakivaa shingoni.

Siku moja ya soko Mukarurangwa alimwita toka mbali.

"Mama! Njia imefunguka. Nilikuwa Fizi kwa meno yangu. Eugène anasema, mama wa sufuria aje, vitu vyake vimefika!"

Alfajiri ya Jumatatu walikuwa njiani.

Meno ya nyuma yaliingia vizuri. Eugène aliweka karatasi nyembamba ya rangi kati ya meno, akamwambia aume, akapunguza kidogo pale rangi iliposhika. Akapunguza tena. Mwanzoni Georgette alisema kama mtu mwenye ndizi mdomoni, na Vanessa alicheka mpaka akashika tumbo.

Kisha ikafika zamu ya meno ya mbele. Eugène alipaka dawa juu ya kila jino, akalijenga kwa udongo mweupe wa meno kidogo kidogo, kama mtu anayefinyanga. Aliugandisha kwa taa ya bluu iliyopata umeme kutoka betri ya jua. Alifanya jino moja, halafu jingine. Jua lilikuwa limepinduka alipompa kioo.

Georgette alitazama. Mkono wake ulipanda kufunika kinywa, kwa mazoea. Ukasimama hewani. Ukashuka.

"Haya ni yangu?"

"Ni yako. Ndani kuna jino lako. Mi nimerudisha tu kile mchanga ulitoa." Eugène alianza kukusanya vyombo. "Sasa sikiliza. Usifungue chupa na meno. Ya kuvaa, uyatoe usiku na uyaoshe. Kifuniko ukivae usiku kila siku. Anza na chakula laini, tafuna pande zote mbili. Baada ya miezi sita urudi, hata kama hakuna kinachouma."

"Hata kama hakuna?"

"Hasa kama hakuna."

Usiku Fabien aliamka kwa mazoea, akasikiliza. Alisikia ziwa. Alisikia Vanessa akipumua. Sauti nyingine haikuwepo. Usiku uliofuata alisikiliza tena, kisha akaacha kusikiliza, akalala.

Mara nyingine Georgette bado aliota pori. Alipoamka alimwambia Fabien, naye akamsikiliza. Ndoto hazikwisha, lakini zilipungua. Shavu halikuvimba tena. Mavazi yake yalianza kumkaa.

Kisha mahindi mapya yalikomaa. Georgette alichemsha sufuria nzima, yale machanga na laini. Marie alikuja kuomba moto, akakaribishwa. Wote walikaa nje kuzunguka sufuria. Fabien alichukua moja. Marie alichukua moja. Vanessa alichukua lake, akamtazama mama yake. Mwaka uliopita mama alikuwa amempa Vanessa mahindi yake na kusema ameshiba, na Vanessa alijua kwamba hakuwa ameshiba.

Georgette alichagua hindi dogo. Alilipuliza lipoe. Akauma kidogo, kwa uangalifu. Akatafuna nyuma, kushoto na kulia. Akameza. Akauma tena.

Marie alikuwa ameacha kula. "Mama Vanessa," alisema kwa sauti ya chini, "kule Fizi... anafanyaka kazi siku gani?"

Georgette alitaka kujibu, lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa. Vanessa alisimama. Alicheka, meno yake mapya yote yakiwa nje, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika hindi.

"Mama anakula mahindi," alisema.